Kabla Hujanunua Kadi ya Kidijitali: Jinsi ya Kujua Kama Ina Pesa

Swali ambalo vijana huniletea zaidi kibandani kwangu cha gemu, hapa Majengo, Mombasa, halihusu mechi. Ni hili: "Ami, hii kadi ni pesa?" Simu inageuziwa kwangu, na kwenye kioo iko picha ya mchezaji inayometameta, jina, klabu, msimu, na namba ndogo pembeni, mathalani 214/1000. Wengine wameipata bure ndani ya mchezo. Wengine wanataka kuinunua, na mara nyingi pesa yenyewe ni ya mkopo wa simu. Ndiyo sababu nimeamua kuyaandika haya kwa urefu. Vijana hawa nawapenda, na sitaki kumwona hata mmoja akilipa riba kwa ajili ya picha ambayo hakuna mtu atakayeichukua mikononi mwake.

Jibu langu ni kwamba baadhi ya kadi za kidijitali zina thamani, nyingi hazina, na ya kwako unaweza kuijua iko upande gani kabla hujatoa hata shilingi. Ninaposema thamani nakusudia kitu kimoja tu: pesa inayoweza kufika mkononi mwako leo, baada ya makato yote, kutoka kwa mnunuzi aliyepo kweli. Bei iliyoandikwa chini ya picha haihesabiki. Bei aliyolipa mtu mwaka 2021 pia haihesabiki.

Tafuta kwanza mlango wa kutokea

Kabla ya kuuliza kadi ni ya nani na ni adimu kiasi gani, uliza kama inauzika kihalali. Kadi nyingi huishia hapa hapa, na hakuna haja ya kuendelea.

Chukua ule mchezo unaochezwa zaidi kibandani kwangu, EA Sports FC, ambao hadi 2023 ulikuwa ukiitwa FIFA. Sehemu yake ya Ultimate Team, iliyoanza 2009, yote ni kadi: unafungua pakiti, unapata wachezaji, unajenga kikosi. Soko limo ndani, na lina pilikapilika kweli. Lakini soko hilo hulipa kwa sarafu za mchezo, na kanuni za EA zinakataza kuuza sarafu hizo kwa pesa taslimu; akaunti ikigunduliwa inaweza kufungiwa. Halafu kila mwaka toleo jipya likitoka, kikosi cha mwaka jana kinabaki kwenye toleo la mwaka jana. Kijana aliyemwaga pesa kwenye pakiti mwezi wa Mei ana miezi michache tu kabla ya kuanza upya. Ubelgiji iliamua 2018 kwamba pakiti za namna hii zinazolipiwa ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuza pointi za kununulia pakiti katika nchi ile.

Hearthstone, mchezo wa kadi wa kampuni ya Blizzard, ni hivyo hivyo. Kadi ya daraja la juu kabisa huundwa kwa vumbi 1,600 (vumbi ni kama sarafu ya ndani ya mchezo), na ukiivunja unarudishiwa 400. Kumuuzia mwenzako haiwezekani. Pokémon TCG Pocket, iliyotoka Oktoba 2024, iliruhusu kubadilishana kadi kuanzia Januari 2025, kwa masharti mengi, ila kuuza kwa pesa hakumo.

Simkatazi mtu kununua kadi hizi. Raha yake ni ya kweli, na raha hulipiwa. Hata mimi huishi kwa kuuza saa za kucheza. Ninachokuomba ni uiandike pesa hiyo kwenye fungu la starehe, pamoja na kiingilio cha uwanjani, na uiage palepale unapolipa. Shida huanza pale mtu anapoiweka kwenye fungu la akiba.

Kujua kama mlango upo, fungua masharti ya huduma ya mchezo. Ni marefu na ya Kiingereza, basi usiyasome yote. Tafuta kifungu kinachoeleza unachopewa unaponunua. Kikisema unapewa leseni ya kutumia, ambayo kampuni inaweza kuibatilisha, na kwamba vitu hivyo havina thamani ya kifedha, umeshajibiwa na mwenye mali mwenyewe. Kikisema kadi ni yako na unaweza kumhamishia mtu mwingine, endelea na hatua zinazofuata. Usimuulize muuzaji, wala kundi la WhatsApp la wauzaji. Masharti ndiyo yatakayosomwa siku ya ugomvi.

Kuna mchezo mmoja ninaopenda kuutaja hapa kwa sababu uliwahi kulitatua jambo hili vizuri kuliko wengi waliokuja baadaye. Magic: The Gathering Online, toleo la kompyuta la mchezo wa kadi za karatasi, ilianza 2002, miaka mingi kabla ya sarafu ya kidijitali ya Bitcoin. Kwa miaka mingi mchezaji aliyekamilisha seti nzima ya kadi za kidijitali aliweza kuzirudisha, akalipa ada, akatumiwa seti ya karatasi nyumbani. Kwa hiyo kadi ile ya kidijitali ilikuwa na sakafu: bei yake ikishuka mno, kuna watu wangezinunua ili wajaze seti na kudai karatasi. Biashara ya kadi zile ilivutia hata watu wa kompyuta. Mt. Gox, soko la Bitcoin lililoanguka kwa kishindo mwanzoni mwa 2014, lilichukua jina lake kutoka kwenye tovuti iliyokusudiwa kwanza kuwa mahali pa kubadilishana kadi za Magic Online. Ukikutana na kadi ya kidijitali leo, jiulize kama kuna chochote nyuma yake cha kuizuia isianguke hadi sifuri. Mara nyingi utakuta hakuna.

Soma bei zilizolipwa

Tuseme mlango upo. Kadi inauzwa kwa pesa, kwenye soko linalotambulika, kama kadi za mpira za Sorare, kampuni ya Ufaransa iliyoanzishwa 2018, au vipande vya video za mpira wa kikapu vya NBA Top Shot, ambavyo hutengenezwa na Dapper Labs ya Kanada. Sasa unahitaji bei, na hapa ndipo watu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sokoni utaona bei wanazotaka wauzaji. Mtu yeyote anaweza kuandika dola 500 juu ya kadi yake na kukaa nayo mwaka mzima ikidoda. Wewe fungua historia ya mauzo ya kadi hiyo hiyo: mchezaji yuleyule, msimu uleule, daraja lilelile. Soma mauzo kumi ya mwisho ukiwa na kalamu mkononi, uandike tarehe na kiasi. Tarehe ndiyo inayosema zaidi. Kadi iliyouzwa mara kumi ndani ya juma moja ina soko. Kadi iliyouzwa mara kumi ndani ya miaka miwili ina wapenzi wachache, na siku unayotaka kuuza huenda hata mmoja wao hayupo.

Kisha angalia kama kuna watu walioweka dau la kununua sasa hivi. Dau la juu kabisa lililopo, hilo ndilo linaloweza kugeuka pesa usiku huu. Muuzaji wa bei ya chini anataka dola 30, na dau la juu la mnunuzi ni 18: mimi huandika 18 kwenye daftari. Kijana hukasirika kidogo. Lakini akijaribu kuiuza mwenyewe hurudi na namba iliyo karibu na hiyo.

Jihadhari na mauzo ya kutengenezwa. Pale ambapo kadi ziko kwenye blokucheni, yaani daftari la kidijitali lililo wazi linaloandika nani ana nini, mtu mmoja anaweza kumiliki pochi kadhaa (akaunti za kuwekea kadi) akajiuzia mwenyewe kwa bei inayopanda, ili historia ionekane tamu. Dalili yake ni kadi kurudi kwenye pochi zilezile mbili au tatu, au bei moja kubwa iliyosimama peke yake katikati ya bei ndogo. Rekodi za blokucheni ziko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo bonyeza jina la mnunuzi uone amenunua nini kingine. Mnunuzi asiyewahi kununua kitu kingine chochote ila kadi hiyo anatia shaka.

Usichanganye madaraja wala namba za toleo. Februari 2021, kipande cha LeBron James akipiga danki kiliuzwa dola 208,000 kwenye NBA Top Shot, na habari ikazunguka dunia. Watu wakanunua vipande vingine vya LeBron wakiamini wako kwenye gari lile lile. Lakini kipande kile kilikuwa cha daraja la nakala chache sana, na vile vya kawaida vilitolewa kwa maelfu, vingine kwa makumi ya maelfu. Hata ndani ya toleo moja, namba 1 na namba inayolingana na jezi ya mchezaji huvutia wakusanyaji na kulipwa zaidi, ilhali namba 8,417 hulipwa sawa na namba 8,418, yaani bei ya chini kabisa sokoni. Vipande vingi vya kawaida vilivyonunuliwa kwa makumi ya dola wakati ule wa joto vikaja kuuzwa chini ya dola moja.

Piga hesabu ya kwenda na kurudi

Wahenga wa biashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kadi hizi huuzwa kwa dola au kwa sarafu za kidijitali, nawe pesa yako iko kwenye M-Pesa, na kila daraja unalovuka lina ada yake.

Chukua mfano huu, ambao namba zake nimeziweka ili uone njia, halafu uweke zako. Kadi ni dola 40. Kugeuza shilingi kuwa sarafu ya kidijitali, tuseme unapoteza asilimia 2 kwenye kiwango cha kubadilisha, yaani senti 80. Kuituma sokoni, dola 1. Kadi imekugharimu 41.80. Mwezi mmoja baadaye unaiuza 45, unashangilia. Soko linakata asilimia 5, kiwango ambacho NBA Top Shot imekuwa ikikata: unabaki na 42.75. Kutoa sarafu sokoni, dola 1 tena: 41.75. Kuirudisha kuwa shilingi kwa hasara ile ile ya asilimia 2: karibu 40.90. Bei ya kadi imepanda dola 5 na wewe umepungukiwa na karibu senti 90. Kwenye mfano huu kadi ingebidi ipande hadi karibu dola 46 ndipo urudishe pesa yako bila faida yoyote.

Kwa kadi ndogo za dola mbili tatu, zile ada zisizobadilika humeza kila kitu. Ndiyo maana nawaambia wenye bajeti ndogo kwamba kadi ya dola 3 ni ya kuchezea tu, hata kama ni nzuri namna gani.

Ongeza kodi. Hapa Kenya ushuru wa asilimia 3 kwa mali za kidijitali ulianza Septemba 2023, ukaondolewa na Sheria ya Fedha ya 2025, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada zinazotozwa na watoa huduma. Tanzania nayo iliweka zuio la asilimia 3 kwa uhamishaji wa mali za kidijitali kupitia Sheria ya Fedha ya 2024. Mambo haya hubadilika bajeti hadi bajeti, kwa hiyo angalia ya mwaka huu kabla ya kuandika hesabu yako.

Na kabla hujaweka pesa kubwa, fanya safari nzima kwa pesa ndogo. Ingiza kiasi ambacho hakitakuuma, nunua kadi ya bei rahisi, iuze, rudisha pesa hadi kwenye simu yako. Ukikwama njiani, kwa mfano ukiombwa hati ambazo huna, au ukikuta nchi yako haimo kwenye orodha ya wanaoweza kutoa pesa, umelijua kwa gharama ndogo. Hatua hii vijana huiruka kuliko zote, na naisisitiza kuliko zote.

Nani anashika bomba la nakala?

Agosti 2022 kadi ya karatasi ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 12.6. Ilichapishwa na Topps mwaka 1952. Sy Berger, mtu aliyehusika kuitengeneza, alisimulia mwenyewe jinsi makasha ya kadi za 1952 zilizododa yalivyopakiwa kwenye mashua mwaka 1960 na kutupwa katika bahari ya Atlantiki karibu na New York. Zilizosalia zilichezewa na watoto, zikapindwa, zikamwagiwa chai, zikatupwa na akina mama wakati wa kufagia. Uadimu wa kadi ile ulitokana na miaka sabini ya kupotea.

Kadi ya kidijitali haipotei namna hiyo. Haipauki, haichaniki, na nakala 1,000 za leo zitakuwa karibu 1,000 baada ya miaka ishirini, ikiwa mfumo bado upo. Uadimu wake wote umo kwenye ahadi ya kampuni kwamba haitatoa zaidi. Kwa hiyo ahadi hiyo ndiyo unayoinunua, na inabidi uikague.

Mpangilio ulioijenga Sorare ni mfano mzuri kwa sababu uko wazi. Kwa kila mchezaji, kila msimu, kadi 1 ya kipekee, 10 adimu sana, 100 adimu, na 1,000 za rangi ya njano ambazo ndizo wengi wetu tunaweza kuzifikia. Jumla 1,111. Ukisikia hivyo unaona ni chache. Lakini soma tena maneno "kila msimu". Mchezaji wa miaka 20 ana misimu kumi na mitano mbele yake, na kila Agosti bomba linafunguliwa upya. Isitoshe, kadi hizi hutumika kwenye mashindano ya alama zinazotokana na mchezaji anavyocheza uwanjani, na kampuni ilipoanzisha yale yanayotaka kadi za msimu unaochezwa, kadi za misimu ya nyuma zilipungukiwa na kazi. Hakuna aliyevunja ahadi: idadi ya kadi yako haikuongezwa hata moja. Kilichobadilika ni kile ambacho kadi yako inaweza kufanya.

Kwa hiyo uliza maswali mawili. Nakala za kadi hii hii ni ngapi, na je, kuna ukomo ulioandikwa? Na kadi zinazofanana nayo, za mchezaji huyu huyu au za shujaa huyu huyu, zitatolewa ngapi mwaka ujao? La pili ndilo zito. Kadi inaweza kuwa moja kati ya 50 huku kampuni ikitoa mitindo mipya 40 ya mchezaji yuleyule kila mwaka.

Mwenye swichi

Mwaka 2021 mnunuzi mmoja aliishtaki Dapper Labs Marekani, akidai kwamba vipande vya Top Shot vilikuwa uwekezaji wa namna ya hisa uliouzwa bila kusajiliwa. Februari 2023 Jaji Victor Marrero wa New York alikataa kuitupa kesi hiyo, na katika uamuzi wake akaeleza jambo ambalo kila mkusanyaji anapaswa kulishika: kama kampuni ingekufa na kuizima blokucheni yake, Flow, thamani ya vipande vyote ingeshuka hadi sifuri. Mwaka 2024 pande mbili zilikubaliana kuimaliza kesi kwa dola milioni 4. Mimi si mwanasheria, na suala la hisa nawaachia wenyewe. Ila maneno yale kuhusu swichi ni ya kila kadi.

Swichi zimezimwa tayari. Mei 2019 gari la kidijitali la mchezo wa F1 Delta Time, lenye jina 1-1-1, liliuzwa kwa zaidi ya etha 415 (etha ni sarafu ya blokucheni ya Ethereum), wakati ule zaidi ya dola 100,000. Mchezo huo ulitegemea leseni ya Formula 1. Leseni ilipokwisha, Machi 2022 mchezo ukafungwa, na wenye magari wakapewa vitu vya michezo mingine ya kampuni iliyouendesha badala yake. Julai 2024 DraftKings, kampuni ya Marekani, ilifunga Reignmakers, mchezo wake wa kadi za wanamichezo, muda mfupi baada ya mahakama kuiruhusu kesi dhidi yake iendelee. Soko la sarafu za kidijitali la FTX lilipoanguka Novemba 2022, picha za NFT, yaani vitu vya kidijitali ambavyo umiliki wake huandikwa kwenye blokucheni, zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye seva zake zikapotea machoni pa wenye nazo: cheti cha umiliki kilikuwepo kwenye blokucheni, ukibonyeza picha unapelekwa kwenye ukurasa wa ufilisi.

Huo mkasa wa FTX unafundisha mengi kuhusu neno "umiliki". Blokucheni huandika kwamba namba fulani ni ya pochi fulani. Picha, video, jina la mchezaji, nembo ya klabu, na mchezo ambamo kadi inatumika, kwa kawaida vyote viko kwingine, chini ya mkono wa mtu mwingine. Kwa hiyo kagua mambo haya. Je, unaweza kuihamishia kadi kwenye pochi yako mwenyewe, au inakaa kwenye akaunti ya kampuni tu? Picha imehifadhiwa wapi: kwenye seva ya kampuni moja, au kwenye mfumo wa kuhifadhi unaoshirikisha kompyuta nyingi? Leseni ya ligi au klabu inakwisha lini? Kampuni inapata wapi pesa: kwa wachezaji wanaolipa kila mwezi, au kwa kuuza pakiti mpya tu? Kampuni inayoishi kwa pakiti mpya italazimika kuziuza, soko lijae lisijae.

Kuna kadi chache ambazo zimeponyoka kwenye mtego huu kwa sababu ya historia. Curio Cards, zilizotolewa Mei 2017 zikiwa miongoni mwa sanaa za mwanzo kabisa kwenye Ethereum, hazitegemei mchezo wala ligi. Oktoba 2021 nyumba ya mnada ya Christie's iliuza seti kamili kwa etha 393. Aliyenunua alinunua kitu cha kale cha fani mpya, na uzee huo hakuna anayeweza kuuchapisha tena. Lakini usidanganyike: mtu anayekuuzia kadi iliyotolewa mwezi jana akisema "itakuwa historia" anakuuzia ndoto yake.

Miguu ya mchezaji

Kadi za mpira zinazotumika kwenye mashindano ya alama hufuata mwili wa binadamu. Mapema 2022 kadi ya kipekee ya Erling Haaland, akiwa bado Borussia Dortmund, iliuzwa kwenye Sorare kwa karibu dola 687,000. Mchezaji huyo amefunga magoli mengi tangu hapo, na hata hivyo hilo halimhakikishii mwenye kadi chochote, kwa sababu bei ile ilikuwa ya mwaka wa joto la NFT pia. Kwa kadi ya mchezaji wa kawaida hatari iko karibu zaidi: goti likiumia, kocha akibadilika, akihamia ligi ambayo mchezo hauna leseni yake, kadi inalala. Kabla ya kununua soma taarifa za majeruhi, umri, dakika alizocheza, na muda uliobaki kwenye mkataba wake. Hapa vijana wetu wanajua kuliko mimi, na kama kuna mahali ujuzi wa mpira unalipa, ni hapa.

Lakini kumbuka kwamba ukikaribia kutabiri matokeo kwa pesa umekaribia kamari. Mwaka 2024 Tume ya Kamari ya Uingereza iliifungulia Sorare mashtaka ya kuendesha kamari bila leseni, na kampuni ikakanusha kwamba bidhaa yake ni kamari. Majumbani kwetu wako watu wasiotaka pesa ya namna hiyo iingie, na wana haki ya kujua kabla. Ukiwa na shaka ya kidini, muulize mwanachuoni unayemwamini, umweleze mchezo unavyofanya kazi hatua kwa hatua. Usimwambie tu kwamba ni kadi.

Wezi

Nitasema kwa ufupi kwa sababu mbinu zao ni chache. Pochi ya kidijitali hukupa maneno ya siri 12 au 24. Yeyote atakayeyaomba, hata akijiita mhudumu wa kampuni, ni mwizi. Yaandike kwenye karatasi, usiyapige picha. Kiungo cha soko usikibonyeze kutoka Telegram, kiandike mwenyewe. Mtu akikutumia kadi ya bure usiyoiomba na ujumbe wa kukutaka uidai zawadi, iache. Na ukibadilisha sarafu kwa shilingi na mtu binafsi, usiachilie sarafu kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe wa M-Pesa. Fungua salio lako mwenyewe uione pesa.

Kama tayari unazo

Panga kadi zako kwenye daftari kwa dau la juu lililopo sasa, kubwa hadi ndogo. Utakuta chache zimebeba karibu thamani yote na mlolongo mrefu uliobaki hauna dau kabisa. Zile chache ndizo za kufikiria. Kwa kila moja jiulize: kama ningekuwa na pesa hii taslimu leo, ningeinunua kadi hii? Ukisema hapana, iuze. Kwa kadi za mpira, wiki chache kabla ya msimu kuanza huwa na wanunuzi wengi kuliko mwezi wa Juni ligi zikiwa zimefungwa, kwa hiyo chagua siku yako. Weka bei kidogo chini ya muuzaji wa bei ya chini kabisa, ungoje siku tatu, kisha kama haijauzwa kubali dau la juu. Zile zisizo na dau zichezee, au mpe mdogo wako anayezipenda.

Kama kadi zilinunuliwa kwa mkopo wa simu, usingoje bei irudi. Linganisha riba ya mwezi na dau lililopo, uza kinachouzika, na pesa ipeleke moja kwa moja kwenye deni. Halafu ondoa namba ya malipo iliyohifadhiwa kwenye mchezo, hasa kama simu hutumiwa na watoto: ingia kwenye mipangilio ya duka la programu, washa sharti la nywila kwa kila ununuzi, na ujaribu kununua kitu wewe mwenyewe uone kama kweli inaulizwa.